Laini Tatu na Ndoa ya Moa

Nilitoka Tanga kwa sababu ya neno moja ambalo mimi, pamoja na elimu yangu yote, sikuwa na haki ya kulitamka.

Mpwa wangu Saumu, binti wa dada yangu Zaituni wa Moa, kijiji cha pwani ya kaskazini, alikuwa anaolewa na kijana wa Kipemba aitwaye Athumani. Baba yake Saumu alishafariki. Wali wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa kaka yake Hamza, anayefanya kazi Omani kwenye kambi ya jangwani. Hamza alikuwa aje mwenyewe. Wiki ya harusi tajiri wake akamnyima ruhusa. Habari hizo nilizisoma mimi, katika duka la intaneti pale Ngamiani, mjini Tanga, kwa kuwa katika ukoo wetu mwenye barua pepe wakati ule nilikuwa mimi peke yangu. Hamza aliandika kwamba kambini hawana simu, ila Ijumaa asubuhi hufunguliwa chumba cha kompyuta. Asubuhi hiyo angerekodi sauti yake, amtaje mtu wa kuozesha kwa niaba yake, kisha aitume kwangu. Ndoa ilikuwa Moa, baada ya sala ya Ijumaa, na aliyeisubiri sauti ile Tanga asingewahi kufika.

Dada alikuwa yuko Ngamiani akinunua vitu vya harusi. Nilipomsomea ujumbe ule akakaa juu ya furushi la kanga.

"Usihuzunike," nikamwambia. "Nitamwozesha mimi."

"Wewe mjomba, Rajabu. Mjomba hana uwali, hata awe na stashahada ya kwendea mbinguni."

"Basi nitaleta mtandao Moa."

Ahadi hiyo niliitoa mbele ya wenye maduka, na mimi si mtu wa kurudisha neno. Nilianza maisha kwa kuosha masufuria melini, nikafika Denmaki, nikasoma usiku na kufanya kazi mchana mpaka nikapata stashahada ya ufundi umeme. Niliporudi sikurudi na televisheni na magodoro kama wengine. Nilirudi na gari la kulala: ndani lina kitanda, jiko la gesi, sinki, na betri maalumu ya kuwashia taa na kompyuta ya mkononi. Miaka ile ilikuwa ya mgao wa umeme. Duka la intaneti lingeweza kuzimika katikati ya salamu. Gari langu halikuzimika. Kilichobaki kilikuwa kuchagua laini.

Ngamiani, kabla ya kuondoka. Zamani simu ilikuwa moja, ya shirika la serikali, na uliisubiri mpaka mjukuu akazaliwa. Sasa milango ilikuwa imefunguliwa na makampuni yalikuwa yamejaa kama nzi wa embe. Sitayataja kwa majina. Nitayaita kwa alama za kubuni: Tausi, Kengele na Nanga. Muuza laini mmoja aliniambia pwani yote ni Tausi. Mwenzake wa meza ya pili akamcheka: "Tausi ya mjini hiyo! Huko nje chukua Nanga, bwana mkubwa." Mama mmoja aliyekuwa akipima dagaa akadakia kwamba mwanawe wa Kigombe hupatikana kwa Kengele tu, tena akipanda juu ya kichuguu.

Nilinunua zote. Simu yangu nikaiunga na kompyuta kwa waya, nikazijaribu moja moja. Kengele ilizishinda zote. Ilifungua barua pepe kabla chai haijapoa. Nikasema shauri limekwisha.

Pangani, siku ya pili. Dada alinituma nikamchukue Bi Tumu, dada wa marehemu shemeji yangu, maana harusi bila shangazi wa bibi harusi haina kichwa. Anakaa Bweni, ng'ambo ya mto. Njia ile ya Tongoni na Kigombe ilikuwa na makorongo, na sufuria zangu ziligongana mpaka nikafikiri ngoma imeanza. Nilipofika Pangani mjini nikafungua kompyuta kwa majivuno kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wamelizunguka gari.

"Hii ambulensi?" mzee mmoja akauliza.

"Shikamoo mzee. Hapana, ni nyumba."

"Marahaba. Na mgonjwa yuko wapi?"

Kengele ilikuwa imekufa. Haikusinzia, ilikufa. Nikaweka Tausi, ikaja vizuri. Nikasema, basi ni Tausi. Nikapanda kivuko. Katikati ya mto Tausi ikapotea, na nilipoteremka Bweni ikasimama Nanga peke yake, imara, kwa upana wa mto tu! Mimi nimesomea mawimbi, mnara na antena, na nilisimama pale kwenye mchanga nikizungusha simu kama mtu anayetafuta kibla.

Bi Tumu alikuwa amenitandikia kitanda. Nilimshukuru nikamwambia nitalala garini, karibu na mto, ambako Nanga inashika.

"Umegombana na nani?" akauliza.

"Sijagombana, Bi Tumu. Ndivyo wanavyosafiri Ulaya."

"Ulaya hawana ndugu?"

Nikala wali wake wa nazi, nikaenda kulala garini. Asubuhi hakuniuliza kama nimelala salama, na kwa watu wetu hilo ni neno zito.

Barabara ya Horohoro, Alhamisi. Tulipita Tanga bila kusimama, tukashika njia ya mpakani, Bi Tumu amekaa mbele na mkoba wake mapajani. Nilimweleza kwamba nimekata shauri: ni Nanga. Tuliacha lami tukakata kulia kuelekea pwani, katikati ya minazi na mihogo. Kabla ya kufika Moa simu ikalia. Nikasimamisha gari nikasoma ujumbe: nakaribishwa Kenya.

"Tumevuka mpaka?" Bi Tumu akashtuka. "Mimi sina karatasi, Rajabu!"

"Hatujavuka. Imevuka simu."

"Iite irudi."

Haikurudi. Laini ya jirani ilikuwa imeimeza Nanga, na kabla sijajua la kufanya salio langu lote lilikwisha kwa bei ya ugenini. Sikufungua hata barua moja.

Moa, Alhamisi jioni. Dada alitupokea kwa vigelegele. Kisha akaona naegesha gari chini ya mkorosho, nainua paa lake, natoa kiti cha kukunja.

"Rajabu, unafanya nini?"

"Naweka kituo cha mtandao."

"Chumba chako nimekipaka chokaa."

"Kitawafaa wageni, dada."

Akatazama kundi la Wapemba waliokuwa wamekaa barazani, wageni wake wa heshima, ambao sasa walikuwa wakinitazama. "Kwa hiyo wataona ndugu yangu wa tumbo moja analala nje, kwangu, kama mkimbizi," akasema taratibu, akaingia ndani. Baada ya hapo chakula changu kililetwa na Bi Tumu, na dada hakuja tena kwenye gari.

Mimi nilikuwa na kazi. Tausi, hakuna. Kengele, hakuna. Nanga, Kenya. Nilizijaribu juu ya paa, nyuma ya choo, kando ya mikoko. Nilifunga waya wa shaba kwenye mti mrefu, nikaushusha hadi kwenye simu. Hakuna. Mwenye bodaboda mmoja akaniambia niende kwenye mbuyu wa njia panda. Mwenzake akasema mbuyu ulikuwa wa mwaka jana, siku hizi ni kisimani. Nilikwenda kote. Kila mahali watu walikuwa na uhakika, na mimi nilizidi kutoelewa.

Mzee Faki, baba yake Athumani, alikuja akasimama mlangoni mwa gari. Alikuwa mtu mpole, mkulima wa karafuu.

"Bwana Rajabu, hilo neno la kijana wa Omani limefika?"

"Bado, mzee. Mitambo inatafuta."

"Sie tuna chombo kesho alasiri. Na huyu Athumani Jumatatu anaripoti kazini bara, keshapewa shule ya kufundisha huko. Pasipo ndoa tutarudi, hapana ubaya. Lakini hatuvuki mara mbili kwa jambo moja."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniingia. Nilijua maana yake: Saumu angebaki na hina mikononi, na mchumba angekwenda bara bila yeye.

Ijumaa asubuhi. Maalim Shee, anayefungisha ndoa pale Moa, alikuja mapema. Nilimwomba kwamba, kwa dharura, aniruhusu mimi, niliyemlipia Saumu shule na kumlea kama wangu.

"Hata ungemnyonyesha," Maalim akasema. "Wewe ni wa upande wa mama. Lete neno la nduguye, nami nitasikiliza. Usipolileta, tule pilau tukaage wageni."

Jua lilikuwa limepanda. Kule jangwani chumba cha kompyuta kilikwisha kufunguliwa, na huenda sauti ya Hamza ilikuwa tayari angani, inatafuta mlango. Nilikuwa nimejiinamia juu ya kompyuta nilipomsikia Bi Tumu.

"Mjomba mtu, mwari anakungoja tangu jana. Hata dua hujamwombea. Au nayo inapita kwenye waya?"

Niliona haya. Kwetu mjomba huingia kwa bibi harusi kabla ya ndoa, akamwekea mkono kichwani na kumwombea. Niliishi nje kiasi kwamba nilisahau ya ndani. Nikavua viatu, nikapita ukumbini kwa dada, ambaye aligeuza uso, nikaingia chumba cha nyuma. Wanaume wengine wote wa Moa wasingeweza kuvuka kizingiti kile. Mimi ni maharimu yake, yaani nduguye asiyeweza kumwoa. Wanawake walivuta tu kanga zao na kunipisha.

Saumu alikuwa ameketi mkekani, mikono imenyooshwa ili hina isiharibike. Nikamwombea. Nilipomaliza akaninong'oneza:

"Mjomba, laini ya Kengele unayo?"

"Ninayo. Haishiki Moa."

"Inashika hapo." Akaelekeza kidevu kwenye dirisha dogo la uani. "Chini kushoto, karibu na komeo. Ndipo ninapoongea na Athumani."

Wanawake wakapiga kelele za kumzomea. "Kumbe!" Bi Tumu akasema. "Na sisi tulidhani unasali!"

"Kwa nini hukuniambia jana?" nikauliza.

"Mwari atokaje nje, mjomba? Nilikuwa nakusubiri uingie. Na mama alisema asikuite mtu, ukitaka nyumba utaujua mlango."

Nilikimbia kuleta kompyuta. Niliweka simu chini kushoto, karibu na komeo. Kengele ikashika. Nikaisogeza upana wa kiganja, ikapotea, nikairudisha, ikashika. Pale nje, hatua chache tu kutoka dirishani, nilikuwa nimeijaribu na kuikosa, na waya wangu wa shaba juu ya mti. Mpaka leo sielewi. Nimechora, nimepiga hesabu za mawimbi, na bado sielewi.

Barua ya Hamza ilikuwapo. Sauti ile ilishuka polepole mno. Wanawake waliacha kuimba, wakakaa wakiutazama mstari kwenye kioo cha kompyuta ukijaa. Ulisimama. Saumu akafumba macho. Ukaendelea.

Ilipokwisha nikaibeba kompyuta hadi barazani, nikaiweka mbele ya Maalim, Mzee Faki na vijana wawili waliokua pamoja na Hamza. Sauti ikatoka, imekwaruza, lakini ni yake, na kile kigugumizi chake kwenye kila mwanzo wa sentensi.

"Mimi Hamza bin Omari, kaka yake Saumu. Nimeridhia aolewe na Athumani bin Faki kwa mahari yaliyokubaliwa. Uwakala wa kumwozesha nampa mjomba wangu Rajabu, aliyetulea."

Maalim akawageukia wale vijana. "Mnaijua sauti hii?"

"Ni yake, Maalim. Hata hicho kigugumizi ni chake."

"Irudie." Nikairudia. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanitazama. "Haya, sasa unalo neno. Shika mkono wa bwana harusi baada ya sala."

Mimi nimesimama mbele ya wahandisi wa Ulaya nikaeleza mchoro wa mtambo kwa lugha yao bila kubabaika. Siku ile, mkono wa Athumani ukiwa mkononi mwangu na Maalim akinitangulizia maneno, nilifika kwenye jina la Saumu na sauti ikakataa. Maalim akasubiri. Mzee Faki akasubiri. Nikavuta pumzi nikasema tena, nikamaliza, na Athumani akajibu kwamba amekubali. Ndani vigelegele vikalipuka, na nilikitambua cha dada yangu katikati ya vyote.

Wapemba waliwahi chombo chao, Athumani na mkewe wakiwa pamoja nao, wakaage Pemba kabla ya safari ya bara. Jioni nilikunja kiti, nikashusha paa la gari, nikabeba godoro langu hadi kwenye chumba kilichopakwa chokaa. Dada aliniona nikipita nalo.

"Kitanda kina godoro," akasema. "Hilo la Ulaya lirudishe."

Nikalirudisha.

Tanga, baada ya kurudi. Habari zilinitangulia Ngamiani, na sasa kila anayesafiri huja kuniuliza, maana wanajua nimesoma na nimezijaribu zote. Juzi alikuja kijana mwenye pikipiki mpya, anaelekea pwani ya kaskazini kwa kazi ya wiki nzima.

"Bwana Rajabu, wewe ndiye fundi. Nichukue laini ipi?"

Nikamwuliza: "Unafikia kwa nani?"