Keki ya Dada Wambui

Juzi, hapa Riyadh, nilipita duka la mikate nikaona keki ya Krismasi iliyoviringishwa kama gogo, imewekwa wazi kila mtu aione. Nikasimama. Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu, kwetu Bani Malik, Jeddah.

Mama, Mzanzibari asiyekosa sala, alikuwa amempa jiko lake Dada Wambui, muuguzi Mkenya aliyepanga chumba cha juu. Madirisha yote yalifungwa. Niliambiwa upepo ungeipasua keki, nami nikaamini. Nyumba ilinuka kakao na joto. Wambui aliipindua keki juu ya kitambaa kibichi, akaanza kuiviringisha ingali moto.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa mwenye nyumba. Wambui akaganda. Siku hizo sikukuu yake ikijulikana, angeweza kurudishwa kwao. Hilo nalijua leo. Mimi nilipaza sauti, "Mama, fungua kidogo tu, keki isipasuke!"

"Keki?" yule bibi akacheka, akaingia. "Yalla, haya, nionje! Ya nani?"

Mama hakuwa na ulimi wa uongo. "Ya mgeni wangu. Kwao wana sikukuu."

Bibi alimtazama Wambui, akamega kipande, akatafuna polepole.

"Sukari haitoshi," akasema. "Halas, yameisha, mimi sikuja hapa."

Akashuka ngazi. Mama akanong'ona, "Alhamdulillahi." Wambui aliketi sakafuni, akacheka huku analia. Nilidhani analilia keki yake, maskini, nikakimbia kumletea kopo la sukari.