Piano Bila Umeme

Kila nikitia petroli kwenye jenereta kabla ya kupiga piano hapa baa ya Mutanga, harufu yake inanirudisha kwenye harusi moja ya Gasenyi. Mama alikuwa akiimba wimbo aliotunga mwenyewe, huku akipiga piano yake ya umeme, mara umeme ukakatika. Jenereta ya wenye harusi ikakohoa, ikatapika petroli, ikazima. Wapiga ngoma wakasogea, wakingoja zamu yao.

“Mama, umeme umeenda,” nikamwambia.

“Mi najua, mutoto yangu. Nikitoa mikono, watasema nimemaliza.”

Ngoma zikaanza hata hivyo, zikaifunika sauti yake. Vidole vyake havikusimama. Nami nilichuchumaa pembeni, nikabonyeza kitufe cha kuwashia jenereta, nikabonyeza tena na tena, mpaka wimbo wake ukaisha.