Leso ya Bibi Kwenye Mstari

Juzi binti yangu alifungua boksi la viatu vyake vipya vya mbio, na ile harufu ya mpira ikanirudisha Majengo, kwenye chumba cha bibi yangu, Bi Mwanaisha. Binti alikuwa akinieleza kwamba mkimbiaji hana budi kuwa na viatu vya saizi yake, soksi zisizochubua, na saa ya mkononi. Saa! Enzi zetu hata mwalimu aliazima.

Mimi nilikuwa na raba za binamu yangu, kubwa, nilizozijaza magazeti mbele na kuzipaka chaki ya maji. Zikikauka zilinuka mpira na darasa. Nilizipenda kupita kiasi. Kilichoninyima usingizi ni bukta. Mwalimu Wanjiru alisema bila bukta hakuna mashindano, na Bibi akasema bukta ningevaa yeye akishazikwa.

"Msichana mkubwa akimbie mbele za watu? Na mapaja nje?"

Nililia mpaka nikasusa mbaazi zake, na mimi si mtu wa kususa chakula. Mwishowe akavuta cherehani, akanishonea bukta ya kufika magotini, yenye lastiki iliyoniacha na alama kiunoni. Kisha akatoa sharti.

"Nitasimama pale mwisho na leso. Ukifika tu, unajifunga kiunoni. Ukinipita, mbio ndiyo basi."

Siku ya mashindano alikuja na buibui lake, akasimama kwenye mstari wenyewe, leso ameikunjua kwa mikono miwili.

"Cheki shosho yako," wenzangu wakanicheka. "Amekuja kukuanika ama?"

Sasa, Mwalimu Wanjiru alikuwa ametufunza tusipunguze mwendo kwenye mstari, tuupite kwa kasi ile ile. Nilimkusudia Bibi, wallahi, lakini miguu ikamtii mwalimu. Nikampita msichana aliyenitangulia, nikaupita mstari, nikampita na Bibi.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kugeuka, namwona Bibi anakuja mbio, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja, leso inapepea kwa mwingine, champali zimemvuka miguuni, zimebaki nyuma. Akanifikia, akanifunga leso kiunoni huku akihema.

"Si nilikwambia... usimame?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa wa kwanza, na sharti nilikuwa nimelivunja.

Jioni majirani wakaja kuuliza, kwa ile sauti ya upole inayochoma, kama ni kweli mjukuu wa Bi Mwanaisha alikimbia nusu uchi. Bibi hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.

"Alikuwa na leso," akasema. "Nilimfunga mimi mwenyewe."

Asubuhi nilizikuta raba zangu zimeoshwa, zimeanikwa dirishani.

Miaka mingi nimeisimulia hadithi hii kama kichekesho, nikimwiga Bibi anavyokimbia. Nilipopata mtoto wa kike ndipo nilipoelewa, na kicheko kikanikauka. Yule mwanamke aliyeamini kwamba mtu mzima hakimbii mbele za watu alikimbia peku mbele ya shule nzima, apate la kuwajibu majirani, ili mimi nikimbie tena. Sikuwahi kumshukuru.

Jumamosi binti yangu ana mbio zake. Viatu anavyo, soksi anazo, saa anayo. Leso haihitaji. Nitasimama nayo pale mwisho hata hivyo.