Sufuria Nzima ya Viazi na Shufleri

Viazi na shufleri, chakula ya Wahindi, nilijifunza kwa muzee mumoja Muhindi mwenye duka la vitambaa, nilikuwa mupishi wake. Jiko lake la kwanza volkano ililifunika na masufuria ndani, akajenga ingine juu ya mawe yale yale. Lakini hiyo ni habari ingine. Yeye hakula nyama wala samaki. Samaki wote wale wa soko la Kituku pale ziwani, hapana! Anataka viazi, na lile ua jeupe ndugu ya kabichi, linatoka Kibumba. Unakaanga na manjano, pilipili nyingi, hautii maji, unafunika, vinaiva na jasho lao vyenyewe.

Basi, waasi wakaingia Goma. Wenye maduka wakaanza kubebwa nyumba kwa nyumba, wengine hawakurudi. Wahindi wenzake walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Yeye alichelewa, mupaka ukafungwa. Nikamuficha kwenye depo nyuma ya jikoni, katikati ya magunia ya maharage. Lakini mutu aliyefichwa bado anasikia njaa. Muchana mumoja nikamupikia.

Harufu sikuifikiria. Ikatoka dirishani, barabara yote ikajua kwa Muhindi wanapika.

Askari watatu wa waasi wakaingia. Mukubwa wao akafunua sufuria.

"Hii nini, mama? Ubongo?"

"Mboga, afande. Karibuni."

Kwetu mwenye kupika anaonja kwanza, sababu ya watu na sumu zao. Nikaonja. Wakaangalia ile rangi, hakuna aliyenyoosha mukono.

"Muhindi iko wapi?"

"Alivuka. Mimi nalinda nyumba."

"Na hii umepikia nani? Sufuria nzima!"

"Ni yangu."

"Wewe unakula ya Wahindi?"

"Nimezoea."

Akavuta kiti, akalaza bunduki kwenye magoti. "Basi kula, tuone. Yote."

Mimi mutu wa Rutshuru, chakula yangu ni bugali na maharage. Maharage ya mama yangu, yale ya chungu... haya, tuache. Ile mboga ya manjano sikuipenda hata siku moja. Nilikuwa naonja chumvi na ncha ya ulimi, basi. Nikala. Nyuma ya ukuta gunia likasogea. Nikakwangua sufuria kwa nguvu, kijiko kikalia. Pilipili ikashika koo, machozi yakatoka.

"Mutu analia na chakula alizoea?"

"Namulilia muzee wangu, afande. Hata kwaheri hakuniaga."

Mumoja akacheka. "Alikuwa patron wako wa kazi ama bwana yako?"

"Mutoto wewe, nyanya yako unamuulizaga hivyo?"

Wote wakacheka. Mukubwa naye akacheka, lakini hakusimama. Akangoja. Vipande vya mwisho nilimeza bila kutafuna. Akachungulia chini ya sufuria, akatikisa kichwa.

"Kweli, Wahindi wamekuharibu."

Wakatoka.

Nilibaki nimekaa mpaka buti zao hazisikiki tena. Nikafungua depo. Muzee akatoka na vumbi la maharage kwenye ndevu, akachukua sufuria, akaanza kukwangua ukoko. Akalamba kijiko.

"Mama, chumvi imepita."

Nikamunyang'anya kile kijiko.

"Kesho unakula maharage, muzee. Hayanuki."