Sindano Niliyomchoma Ng'ombe wa Baba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mchinjaji amesimama zizini kwangu kule Rughenda, kamba mkononi. Ng'ombe aliyekuja kumchukua ndiye pekee tuliyeachiwa na marehemu baba. Mama alikuwa amejifungia ndani asimwone akiondoka.

Kosa lilikuwa langu. Tangu azae nilimkamua asubuhi na jioni, na chakula chake kilikuwa vigogo vya migomba tu. Mwaka ukapita hatafuti dume. Basi nikanunua sokoni kichupa cha homoni ya kuleta joto la kutaka dume, nikamchoma mwenyewe bila kuuliza mtu. Kesho yake alilia na kupanda mitamba ya jirani, nami nikampeleka kwa dume nikijiona daktari. Nilifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili hakushika mimba. Haraka haraka haina baraka. Wakati ule methali hiyo niliijua mdomoni tu. Nikasema ni tasa, nikamwita mchinjaji.

Mama hakubishana nami. Alituma mtu kwa mzee Paluku, muuguzi wa mifugo aliyestaafu, naye akafika kamba ikiwa tayari shingoni. Alivaa glovu ndefu, akaingiza mkono kwa nyuma, akapapasa kizazi chake. Kisha akaniuliza ng'ombe anakula nini. Nilipomjibu, alitazama mbavu za ng'ombe, halafu akanitazama mimi.

"Kijana, sindano yako ilileta joto ya inje, lakini ndani yai haikukomala. Kichwa ya ngombe njo inatuma homoni ya kukomalisha yai, na inatuma pole pole. Kama mwili iko na njaa, kichwa inanyamaza. Huyu haiko tasa. Ni weye uko unamukula muzima."

Niliona aibu, mwanangu. Mchinjaji, mtu muungwana, alifungua kamba yake akaenda zake.

Mzee aliniagiza nikamue mara moja kwa siku, nimpe majani ya viazi, pumba na chumvi, kisha nisubiri miezi mitatu, kwa sababu yai linaloiva leo lilianza kulishwa zamani. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeanza kunung'unika, ndipo ng'ombe akalia mwenyewe, bila sindano. Tulimpeleka kwa dume mara moja tu. Baadaye mzee alimpapasa tena, akasema mimba imo. Nilikaa chini kwenye matope nikacheka na kulia pamoja, maana mzigo ulikuwa umenishuka. Mama aliimba wimbo wa kanisa hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mwanangu, sikukatazi dawa. Ina kazi yake mkononi mwa anayeijua. Lakini usilazimishe dalili ukadhani umepata kitu chenyewe. Na kabla hujamwita kiumbe tasa, awe mnyama au mke wako, jiulize kwanza umemlisha nini na umembebesha nini. Mungu akupe zizi lenye ndama, na akupe moyo wa kuwangoja.