Mama Hakuwa na Kasiksi

Siku ile ningali naiona, mwanangu, kama vile imeisha jana jioni. Ilikuwa asubuhi ya ukungu kule Beni, mtaani Mulekera, na mama yangu alikuwa amepiga magoti kwenye matope, akifunga mkeka wetu kwa kamba ya mgomba. Hakuwa akijiandaa kwenda shamba. Alikuwa akijiandaa kurudi upande wa Oicha, kule tulikotoka tukikimbia, kule ambako watu walikuwa bado wanauawa. Mimi nilikuwa msichana wa kutosha kuolewa, na nilijua vizuri kwamba mtu aliyerudi kule wakati ule alikuwa akiagana na wenzake.

Nataka nikueleze polepole kilichomfikisha mama hapo, kwa sababu kinaniudhi hadi leo, na mtu mwenye hasira asipoeleza vizuri huonekana anapiga kelele tu.

Tulikuwa na shamba la kakao, na nyumba, na migomba nyuma ya nyumba. Tuliondoka na nguo tulizovaa. Baba hakuondoka nasi. Alizikwa na watu tusiowajua. Tulipofika Mulekera tulilala katika darasa la shule, pamoja na familia nyingine za wakimbizi. Masomo yalipoanza tukaambiwa tutoke, nasi tukatoka, maana watoto lazima wasome. Papa Ramazani, jirani Mwislamu aliyekuwa na lori la kubeba mbao na mchele kati ya Beni na Butembo, alitukuta tumekaa kando ya barabara na sufuria yetu. Aliuliza maswali machache, halafu akatuonyesha kona ya parselle yake, yaani kiwanja chake, nyuma ya mahali alipoegesha lori.

"Mujenge hapa, Mama Kahindo," alimwambia mama. "Miye ni mutu wa barabara. Kulala inje nakujua. Ile hapana kitu ya kufanyia batoto."

Alitupa miti ya mikaratusi na turubai la zamani la lori liwe paa. Mama na mimi tukachimbia miti, tukafunga matete, na nyumba ikasimama kama kikapu kikubwa kisichokuwa na kitu. Kilichobaki ni kuikandika.

Wewe uliyezaliwa katika nyumba ya matofali, huenda hujui kazi hiyo. Unachimba udongo, unaumwagia maji, unaukanyaga kwa miguu mpaka ushikane, halafu unaujaza kati ya matete, kwa mikono, kuta zote, siku moja. Ukiweka kidogo leo na kidogo kesho, mvua ya usiku inauangusha kabla haujakauka. Sisi tulijaribu hivyo. Tulijaza upande mmoja, mama na mimi na wadogo zangu, na asubuhi tukaukuta chini. Tukajaza tena, ukaanguka tena. Kaka yangu mdogo akaanza kukohoa, kikohozi kile cha watoto wanaolalia maji. Kazi hiyo inataka miguu mingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwetu mtu hakandiki nyumba peke yake.

Lakini kuna kawaida yake. Mwenye nyumba huwaita majirani. Huandaa mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na sufuria kubwa ya maharagi, kisha hupita nyumba kwa nyumba na kusema, kesho mnisaidie. Anayekuja bila kuitwa huchekwa, husemwa amefuata kinywaji. Ni kawaida nzuri mahali ambapo kila mtu ana migomba. Mama yangu hakuwa na hata mmoja. Aliona aibu kuita watu kwenye mtungi mtupu, akanyamaza. Majirani nao wakangoja waitwe.

Basi kila asubuhi walipita. "Wavukire, Mama Kahindo," walisema. Wavukire ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Walitazama miti yetu iliyo wazi, walimsikia mtoto anavyokohoa, wakasema pole sana, Mungu atasaidia, wakaendelea na safari yao. Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mtu mbaya ungemjua na kumkwepa. Hawa walikuwa watu wazuri, wenye rozari shingoni, na mama yangu alikuwa anakwenda kufa katikati yao kwa sababu ya adabu.

"Afazali nikufe mu nyumba yangu," aliniambia asubuhi ile, akikaza kamba. "Nitaenda miye peke, niangalie kama iko sawa. Weye utabakia na hawa."

Nilimwomba kitu kimoja tu: twende kwanza kwenye sala ya shirika. Shirika, kwetu, ni ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa inayokutana nyumbani kwa mmoja wao, na siku ile ilikutana asubuhi, kwa Papa Kambale, aliyekaa karibu kabisa na sisi. Mama alikubali. Nadhani alitaka baraka ya njia.

Tulikaa chini karibu na mlango kwa ajili ya miguu yetu yenye udongo, maana kwa Papa Kambale kulikuwa na fotei, viti vile vya mito, zenye vitambaa vya kufumwa. Ukafika wakati wa kutoa nia za sala. Mama mmoja akafumba macho akasema kwa sauti tamu, "Tumuombee Mama Kahindo, Mungu amupatie nyumba." Wote wakaitikia, ee Bwana utusikie.

Wote isipokuwa Koko Masika. Huyu alikuwa bibi kizee aliyeongoza shirika, mfupi, na sauti iliyozoea kuita watu kutoka kilima hadi kilima. Alikuwa anamtazama yule mama mpaka akafumbua macho.

"Mungu amupatie nyumba," alirudia. "Sasa muko munamuomba Mungu akuye kukanyaga potopoto? Miguu ya kukanyaga iko humu ndani. Imekaa ku fotei."

Papa Kambale akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Lakini Koko, ye hakutuitaka. Kama angetuita, tungeenda."

"Akuite na nini?"

"Hapana, si vile. Kawaida ni kawaida, Koko. Weye mwenyewe unaijua."

"Unataka kasiksi, Kambale? Migomba ya huyu mama ilibakia kule Oicha. Wende ukaikate, urudie nayo, njo utakunywa."

Hakuna aliyecheka. Papa Kambale akaangalia suruali yake iliyopigwa pasi. Koko Masika aliendelea bila kupandisha sauti, na ndivyo alivyokuwa mtu wa kuogopwa.

"Ile kawaida, benye baliiweka balikuwa na migomba. Baliiweka ili batu basaidiane. Hapana juu ya kuangalia mama na batoto bananyeshewa, unangojea akuombe na adabu. Mwaona mukeka imefungwa pale kwake? Mulimuuliza anaenda wapi? Miye nilimuuliza. Na kama ataenda, hakuna mutu wa shirika hii atanifasiria injili tena."

Mama yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Koko Masika akainuka, akachukua rozari yake, akatoka. Mlangoni akageuka.

"Sala haiyaisha. Tutaimalizia pale kwake."

"Koko, na hivi viatu vya misa?" aliuliza mama wa sauti tamu.

"Vua, mama. Kwani ulizaliwa nabyo?"

Hapo watu wakacheka, na kicheko kile kikawainua. Sijui kama wangeinuka kwa aibu peke yake. Mtu mwenye aibu mara nyingi hubaki amekaa. Wakatoka wote, wanawake wakafunga vitenge juu ya magoti, wanaume wakaenda kuchukua majembe. Koko Masika aliingia wa kwanza katika shimo letu la udongo, akaanza Salamu Maria na kukanyaga, kukanyaga na Salamu Maria, na sisi tukaitikia tukiwa tumezama hadi vifundoni. Papa Kambale alikuja wa mwisho, amebadili suruali. Koko alimpa kona ya chini, ile inayojaa maji, na akaifanya vizuri.

Udongo ulipokuwa mwingi, maji yakaisha. Papa Ramazani akatokea na lori lake, akasimama anatutazama.

"Miye natoka, naacha parselle," alisema. "Narudia, nakuta parokia."

"Parokia hii haina maji, Papa Ramazani," alijibu Koko.

"Basi niende nilete, kabla hamuyanibatiza."

Alikwenda mtoni na mapipa, akarudi, akashuka na kukunja kanzu yake, akaingia kazini na wengine. Saa ya sala yake ilipofika alinawa, akasali kando ya lori, na Koko akatuambia tuimbe polepole mpaka amalize.

Mchana mama alianza kuhangaika. Aliniita pembeni, akaniuliza tutawapa nini hawa watu. Hakuhitaji jibu. Wanawake walikuwa wamekwishatuma watoto nyumbani kuleta chakula, na sufuria zikaanza kufika kutoka pande zote: bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, na wali kutoka kwa mke wa Papa Ramazani. Siku ile waliokandika ndio waliomlisha mwenye nyumba. Kawaida ilipinduliwa juu chini, na sikuona mtu yeyote aliyedhurika.

Kuta zilijaa kabla ya jioni. Mvua haikunyesha mpaka zilipoanza kushika. Mama akafungua mkeka, akautandika ndani, kwenye sakafu mbichi. Wiki zile walikuwapo wengine waliorudi kuangalia mashamba yao upande ule, watu tuliolala nao katika darasa moja. Wengi wao hatukuwaona tena. Mama yangu alizeeka. Aliwashika wajukuu wake mikononi, akawaimbia, akawagombeza.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini nakuandikia haya, mwanangu, nikiwa hapa Butembo, na nywele zangu zimekuwa nyeupe. Kwenye avenyu yetu kuna familia kutoka Kalunguta inayolala chini ya meza za soko. Nimewaona ninyi vijana wetu mkipita. Mmoja alipiga picha kwa simu akaandika chini yake maneno ya huruma. Mwingine nilimuuliza mbona hajawasaidia, akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama, hawajaomba." Nilishindwa kulala kwa jibu hilo. Aliyepoteza nyumba amekwishapoteza vingi. Wewe unataka atoe na sauti yake, aje mlangoni kwako ajishushe, ndipo uone anastahili? Nani alikufundisha hivyo? Sisi hatukukufundisha. Na kama ni sisi, tulikosea, uache.

Sikugombezi ili nikuvunje moyo. Najua una nguvu na una moyo mwema. Ungekuwa huna, nisingepoteza wino. Ninakuomba uufanyie kazi moyo huo. Ukiona mtu hana pa kulala, usingoje akuite. Nenda ukaulize anakosa nini, na usiende peke yako. Chukua wenzako, wa kanisa lako na wa msikiti wa jirani. Usimwite mkimbizi, mwite kwa jina lake. Usimpe pole mahali anapohitaji miti na mikono. Ukimaliza kusali, tazama kama sala hiyo haina sehemu yako ya kutimiza, na uitimize siku hiyohiyo. Na usijali ukichekwa kwamba umekwenda bila kuitwa. Atakayekucheka mwambie nilikutuma mimi.

Mungu akujalie paa lisilovuja, mwanangu, na chini ya paa hilo akubakizie nafasi ya mtu mwingine. Asikulaze kamwe kwenye ugeni bila jirani. Na kesho asubuhi, kabla ya kazi zako, nitakuwa sokoni, kwa familia ile, na jembe. Njoo.