Sakafu ya Nyumba ya Mjerumani

Siku ile nilikuwa napalilia maharage, ng'ambo, upande wa Burundi, Evelina mgongoni. Alikuwa na miezi minane. Mume wangu, Melkiori, alikuwa amekwenda kukata nyasi za kuezekea. Milio ya bunduki ilitoka upande huohuo alioelekea.

Sikurudi hata nyumbani.

Tulivuka mto kwa mtumbwi, tumebanana na wakimbizi wengine, mvua ikinyesha. Tulipofika mjini Ngara tulielekezwa kwenye bustani iliyokuwa na nyumba kubwa ya mawe. Wenyeji waliiita nyumba ya Mjerumani. Afisa wa Kijerumani ndiye aliyeijenga, Mwingereza akaja kukaa humo, na baada ya uhuru ikawa ofisi, kisha ikafungwa. Aliyeitunza alikuwa Mzee Shabani. Babu yake aliletwa kutoka pwani kama seremala, na sakafu yote ya mbao ilikuwa kazi ya mikono yake.

"Shikamoo, mzee," nilisema. Kiswahili changu kiliishia hapo.

"Marahaba. Ingieni."

Alikuwa ameagizwa asimfungulie mtu.

Tulijaa vyumba vyote hadi barazani. Evelina akashikwa na kichomi. Kuni zote zilikuwa zimelowa.

Mzee Shabani alileta mtaimbo, akapiga magoti, akang'oa ubao wa kwanza yeye mwenyewe.

"Babu alikuwa fundi," alisema. "Tazama, haujaliwa na mchwa."

Moto ukawaka. Watoto wengi walipona.

Evelina alikufa siku ya tatu, asubuhi.

Tulimzika kwenye kona ya bustani. Melkiori sikumwona tena, wala sikupata mtu aliyemwona.

Mzee Shabani alifukuzwa kazi kwa kuharibu nyumba. Akaenda kuuza vitenge dukani kwa kaka yake, na kila nilipomsalimia aliniuliza habari za shamba, si za mtoto. Nilimshukuru kwa hilo. Mimi nililima Kibimba, kijiji cha hukuhuku Ngara, na huko ndiko nilikozeekea.

Nyumba imekarabatiwa. Sakafu sasa ni ya vigae. Mlangoni kuna kibao chenye historia yake: Mjerumani, Mwingereza, ofisi. Sisi hatumo. Sidhani walioandika walitaka kuficha. Hawakujua, nami sikwenda kuwaambia.

Nikija sokoni hupitia bustanini. Watoto huchezea mpira kwenye ile kona. Mwanzoni niliwafukuza. Siku hizi nawaacha wacheze.